Mguu wa nyumbu miaka 20, na makosa ya ofisi analipa mfungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo huku kwetu Mkoa wa Mara kila mtu analijua ila silioni likiandikwa. Habari za haki jinai zikitoka magazetini huwa ni za wanasiasa na wafanyabiashara wakubwa, na sisemi zisiandikwe, ziandikwe sana tu, ila kuna kundi kubwa la watu linaingia gerezani kimya kimya kwa kesi ambazo huku tunaziita kesi za nyara, yaani za kukutwa na nyama au viungo vya wanyamapori, na kisheria hizi kesi ni za uhujumu uchumi, yaani mtu kakutwa na mguu wa nyumbu anashtakiwa chini ya sheria ileile anayoshtakiwa nayo aliyekwapua mabilioni.

Mimi nina steshenari karibu na mahakama kwenye mji mmoja wa wilaya zinazopakana na Serengeti. Nachapa, natoa fotokopi, najaza fomu, kwa hiyo makaratasi ya ndugu wa washtakiwa yanapita mikononi mwangu kila siku, barua ya mtendaji ya mdhamini, kopi ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, viapo, maombi ya dhamana, maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Sio mwanasheria, ila ukishika hati za mashtaka za aina moja miaka yote hiyo unazijua kwa kichwa. Shtaka la kwanza kuingia hifadhini bila kibali. La pili kukutwa na silaha ndani ya hifadhi, na silaha yenyewe ni panga, kisu na nyaya za kutegea. La tatu kukutwa na nyara za serikali, na hapo ndipo wanaandika mguu mmoja wa nyuma wa nyumbu, mbichi, au vipande vitano vya nyama kavu ya pundamilia.

Sasa sikilizeni hesabu inavyokwenda. Ule mguu hautathminiwi kama mguu, unatathminiwa mnyama mzima, maana hoja ni kwamba huwezi kuukata mguu wa nyumbu bila kumuua nyumbu, na hiyo hoja naielewa kabisa. Kwenye kesi nyingi nyumbu huandikwa dola 650 za Marekani, ambayo kwa shilingi ni milioni 1.4 na ushee kutegemea dola inauzwaje siku hiyo, pundamilia dola 1,200, pofu dola 1,700, tembo na twiga dola 15,000. Thamani ikishavuka milioni 1 na kesi ikishasajiliwa kama uhujumu uchumi, akitiwa hatiani kifungo ni kisichopungua miaka 20 na kinaweza kufika 30. Kisichopungua! Hakimu anaweza kumwona aliyesimama mbele yake ni kijana wa miaka 19, kosa la kwanza, ana mama mgonjwa nyumbani, kakiri mwenyewe bila kusumbua mtu, na bado hana pa kupunguzia, sheria imemfunga mikono. Wakili wa serikali atasema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma, mshtakiwa atasema naomba mahakama inihurumie nina watoto wanne wananitegemea, hakimu ataandika yote hayo kwenye mwenendo wa kesi halafu chini yake ataandika miaka 20. Nimechapa nakala za hukumu za namna hiyo mpaka nikawa nafika kwenye sehemu ya adhabu naacha mashine kidogo nanyoosha mgongo.

Mimi sio mtetezi wa ujangili na naomba nisieleweke hivyo. Hizi sheria hazikukazwa bure. Sensa ya tembo ya mwaka 2009 ilionyesha nchi ina tembo kama 109,000, ikafika 2014 wamebaki kama 43,000 tu, zaidi ya nusu walikwisha ndani ya miaka mitano, na askari wa wanyamapori wameuawa porini na majangili wenye bunduki za kivita. Serikali ilikuwa na haki ya kushtuka, na mwaka 2016 ndipo adhabu za uhujumu uchumi zikapandishwa kufika hiyo miaka 20. Lakini waliolengwa ni akina nani? Walilengwa wenye mitandao, wenye makontena, wenye magari na risasi. Yang Fenglan, yule mama wa Kichina ambaye dunia nzima ilimwita Malkia wa Pembe za Ndovu, alishtakiwa 2015 kwa biashara ya vipande 860 vya meno ya tembo vyenye thamani ya shilingi bilioni 13, na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu miaka 15. Miaka 15 kwa vipande 860 vya meno ya tembo, na huku kwetu miaka 20 kwa mguu wa nyumbu aliyenaswa kwenye waya. Sisemi mahakama ilikosea kwa yule mama, naamini ilifuata vifungu alivyoshtakiwa navyo. Nasema mtu yeyote mwenye akili zake akiziweka hizo hukumu mbili mezani ataona kuna kitu hakijakaa sawa kwenye sheria yenyewe.

Na kuna jambo lingine linawauma sana watu wa vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, nalisema maana ukikaa nao hulikosi kwenye mazungumzo. Kwa viwango vya kanuni za mwaka 2011 tembo akimuua mtu familia ilikuwa inapewa kifuta machozi cha shilingi milioni 1. Tembo wakila shamba kulikuwa na kifuta jasho cha kuanzia elfu 25 mpaka laki moja kwa ekari kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5, na hiyo hela ilichukua muda mrefu kufika. Kwa hiyo kwenye makaratasi hayo ya serikali baba yako aliyeuawa na tembo akitoka kulinda mahindi alikuwa milioni 1, na nyumbu milioni 1 na laki nne. Mimi najua kifuta machozi sio bei ya mtu, wameeleza mara nyingi kwamba ni mkono wa pole tu, ila nendeni mkamweleze hivyo mjane ambaye mtoto wake wa kiume yuko gerezani kwa ajili ya nyumbu.

Tuje kwenye dhamana. Ukisoma katiba, ibara ya 13 inasema mtu asichukuliwe kuwa ana kosa mpaka itakapothibitika, na ukutani vituoni wamebandika dhamana ni haki yako, haiuzwi. Kwa kesi za uhujumu uchumi mambo hayaendi kirahisi hivyo. Kwa miaka mingi thamani ikizidi milioni 10 hakimu wa wilaya hakuwa na mamlaka ya kutoa dhamana, ilibidi ndugu wapeleke maombi Mahakama Kuu, na kabla Mahakama Kuu haijafunguliwa Musoma maana yake ilikuwa ni safari ya Mwanza, nauli, wakili wa kuandaa maombi na kiapo, na kurudi tena siku ya kusikilizwa. Siku hizi hicho kiwango kimepandishwa na hilo nalishukuru kwa dhati, limeokoa watu. Ila sharti la kuweka nusu ya thamani kama inazidi milioni 10 nalo limewabana wengi. Mtu kakamatwa na meno mawili ya tembo, pengine yeye ni bodaboda tu kapakia abiria na mzigo, wanahesabu tembo mmoja dola 15,000, hiyo ni zaidi ya milioni 30, aweke nusu yake pesa taslimu au hati ya mali isiyohamishika ya thamani hiyo. Wakiwa washtakiwa watatu wanagawana hiyo nusu, sawa, lakini bado ni mamilioni kwa kila mmoja. Kijijini nani ana hati? Wengi ardhi yao haijapimwa, wenye bahati wana hati ya kimila. Kwa hiyo mwenye nyumba mjini anatoka, na aliyetumwa kubeba anabaki ndani, wakati hapo ndipo upelelezi ulitakiwa ujue nani alimtuma nani.

Akibaki ndani ndio ile kalenda tunayoijua wote. Karandinga linakuja, wanashushwa, jina linaitwa, mwendesha mashtaka anasimama, mheshimiwa upelelezi haujakamilika tunaomba tarehe nyingine, wiki mbili mbele, wanarudishwa. Wiki mbili zikiisha jalada liko kwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, linasubiri kibali. Zikiisha nyingine hakimu yuko semina. Mke anakuja pale na mtoto mgongoni kashika mfuko wa chakula, kapanda gari tokea alfajiri, anamwona mumewe kwa sekunde tu akipanda ngazi. Na huko nyumbani vitu vinakwenda, pikipiki ya mkataba mwenyewe anakuja kuichukua, shamba halilimwi, mtoto wa kidato cha kwanza anarudi nyumbani. Hata akija kushinda kesi hakuna anayemrudishia chochote.

Mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ilirekebishwa ikasema mtu asifikishwe mahakamani mpaka upelelezi uwe umekamilika. Watu tulifurahi. Lakini wakaacha nje makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, na mimi naona hapo ndipo hasa palihitaji hiyo dawa, kwa sababu wa makosa madogo mara nyingi anapata dhamana anasubiria kwake, anayeozea ndani ni wa makosa makubwa ambaye hana dhamana. Ukimnyima mtu dhamana basi wewe serikali ndio ujibane zaidi kwenye muda, sio ujiachie zaidi. Kuna wakati hii nchi karibu nusu ya watu waliokuwa magerezani walikuwa mahabusu, watu ambao hakuna hakimu aliyesema wana hatia, na magereza yenyewe nafasi yake iko chini kidogo ya watu elfu 30 na yamekuwa yakizidisha. Masheikh wa Uamsho, wale wa Zanzibar walioshtakiwa kwa ugaidi, walikaa ndani miaka zaidi ya saba, Juni 2021 DPP akafuta mashtaka wakarudi nyumbani. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, mama yake akafariki yeye yuko mahabusu na hakuruhusiwa kwenda kumzika, Februari 2020 akatoka kwa kukiri na kulipa. Hao wanajulikana majina yao. Wa kwetu hawajulikani.

Hilo la kukiri na kulipa nalo niliseme. Majadiliano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye sheria 2019, na Septemba mwaka huohuo Rais Magufuli akatoa siku za msamaha, DPP akaja kusema watuhumiwa 467 wako tayari kurudisha bilioni 107. Utaratibu wenyewe sio mbaya, nchi nyingi wanao. Ubaya ni pale anayejadiliana yuko ndani bila dhamana na hajui kesi itaanza lini, maana hapo hata asiye na kosa atakiri ili atoke. Rais Samia mwenyewe alipozindua Tume ya Haki Jinai Januari 2023 alihoji hadharani fedha za utaratibu huo ziko wapi. Na huku kijijini mtu hana hata cha kujadiliana nacho, anajadiliana na nini, mbuzi?

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike hasa, maana haya mengine wengi wameshayasema. Kesi za nyara zinaharibiwa na makosa ya ofisi, na makosa ya ofisi anayalipa mfungwa.

Nyama inaoza, haiwezi kukaa mpaka kesi isikilizwe. Kwa hiyo polisi wanajaza fomu ya inventori, yaani orodha ya vielelezo vinavyooza, wanaipeleka kwa hakimu anaamuru iteketezwe, halafu ile fomu ndio inatumika kama kielelezo kwenye kesi. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilishasema wazi kwamba mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu wakati wa kutoa amri hiyo, na aulizwe kama ana la kusema, na ikiwezekana ipigwe picha. Ni kitu kidogo kabisa. Mtu mwenyewe yupo selo, ni kumtoa tu kumpeleka kwa hakimu na ile nyama. Lakini kesi baada ya kesi unakuta hakupelekwa, au alisainishwa tu fomu kituoni, anatiwa hatiani wilayani anapigwa miaka 20, anakaa miaka, rufaa inafika Musoma na jaji anasema hiki kielelezo kilichukuliwa kinyume na utaratibu nakiondoa, na kikishaondolewa hakuna kesi, mtu anaachiwa. Kumbuka hapo hakuna aliyesema hana hatia wala ana hatia. Kama kweli aliua nyumbu basi serikali imempoteza mhalifu kwa uvivu, na kama hakuua basi serikali imemwibia mtu miaka yake. Pande zote tumepata hasara.

Kuna lile shtaka la kuingia hifadhini. Watu walikuwa wanashtakiwa nalo wanatiwa hatiani, mpaka Mahakama ya Rufani 2021 ikasema kwa jinsi kifungu cha Sheria ya Hifadhi za Taifa kilivyorekebishwa 2003, kile kifungu walichokuwa wanakitumia hakitengenezi kosa la kuingia kwa namna walivyokuwa wanashtaki. Kuanzia 2003 mpaka 2021! Ni vijana wangapi walitumikia hiyo adhabu?

Halafu vibali. Kesi ya uhujumu uchumi haiwezi kusikilizwa na mahakama ya wilaya mpaka DPP au aliyekasimiwa atoe kibali cha kushtaki na hati ya kuipa hiyo mahakama mamlaka. Ni karatasi mbili. Kuanzia 2022 Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi kadhaa kwa sababu zile karatasi zilinukuu kifungu kisicho sahihi au hazikutaja vifungu vinavyotakiwa, kwa hiyo mahakama iliyosikiliza haikuwa na mamlaka, kwa hiyo ile kesi yote ni kama haikuwahi kuwepo. Kesi haikuwepo lakini gereza lilikuwepo. Mtu ameshatumikia miaka mitano, sita, saba. Wakati mwingine wanaachiwa, wakati mwingine inaagizwa waanze upya. Na kuna kitu hakipo kabisa, fidia. Aliyeandika kifungu kimakosa haulizwi, na mfungwa anatoka getini na nguo alizoingia nazo.

Nina kijana nimemfahamu tangu mdogo, mama yake anauza dagaa sokoni, alikamatwa kwa kesi ya namna hii na wenzake wawili. Sitataja mahakama wala kituo maana shida yangu sio mtu mmoja mmoja. Mama alikuja kwangu kuchapa karatasi akiwa na hela za dagaa zimefungwa kwenye khanga, kila karatasi anauliza hii ni ya nini mwanangu, na mimi namweleza ninavyoweza. Mtoto alipigwa miaka 20. Rufaa ikachelewa kwa sababu nakala ya hukumu na mwenendo haikutoka mapema, na bila hizo huwezi kuandika sababu za rufaa. Mwisho wa yote akaachiwa kwa tatizo la fomu ya inventori, ile ile niliyoieleza hapo juu. Karudi. Yule dada aliyetaka kumuoa ana watoto watatu na mtu mwingine, mashamba waligawana kaka zake, na yeye sasa anabeba mizigo sokoni karibu na meza ya mama yake. Hajawahi kuniambia kama aliua yule nyumbu au la na mimi sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba kama angekuwa na wakili siku ya kwanza lile tatizo lingeonekana siku hiyohiyo kielelezo kinapotolewa, kwa swali moja tu, mlimpeleka mshtakiwa mbele ya hakimu?

Hapo kwenye wakili. Wa mauaji anawekewa wakili na mahakama kwa gharama za serikali, ni sawa kabisa. Wa nyara anayekabiliwa na miaka 20 mpaka 30 kwenye mahakama ya wilaya mara nyingi anasimama peke yake, anaambiwa una swali kwa shahidi, anasema sina swali, kwa sababu hajui swali la kuuliza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo na inampa hakimu nafasi ya kuagiza mtu asaidiwe pale haki inapohitaji, ila wilayani mawakili ni wa kuhesabu na wengi wako mjini Musoma. Lugha ya mahakama imekuwa Kiswahili tangu 2021, jambo zuri, angalau sasa mtu anasikia kinachosemwa juu yake, lakini kusikia peke yake hakumwezeshi kujitetea dhidi ya mwanasheria.

Najua kuna watakaosoma hapa waseme huyu anatetea wahalifu. Nina ndugu yangu aliyevamiwa na majambazi dukani kwake akakatwa mkono, najua hasira za mtu anayemwona mtuhumiwa mtaani siku tatu baada ya tukio. Ndio maana watu wanachoma moto vibaka, hawaamini kama kesi itafika popote. Ila hilo linaletwa na kuchelewa, sio dhamana. Kesi ikisikilizwa ndani ya miezi michache mashahidi wakiwa bado wanakumbuka, mwathirika anapata haki yake. Ikikaa miaka minne shahidi mmoja kahamia Geita, mwingine kafa, askari mpelelezi kahamishwa, na mwathirika ndiye anayekuja kuambiwa mtuhumiwa kaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Kumweka mtuhumiwa ndani muda wote huo hakujamsaidia ndugu yangu kwa lolote. Kenya hapo jirani katiba yao ya 2010 inampa haki ya dhamana hata anayeshtakiwa kwa mauaji, isipokuwa kama kuna sababu nzito za kumnyima, na anayeamua sababu ni nzito au sio nzito ni mahakama. Hapa kwetu kwa makosa ya ile orodha ambayo sheria inakataza dhamana, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha, hakimu hata haulizwi. Mahakama Kuu mwaka 2020 ilisema kifungu hicho kinapingana na katiba, miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikatengua. Basi kama mahakama imeshasema neno lake la mwisho, kazi imebaki kwa Bunge, na Bunge linaweza kukibadilisha kikao chochote likitaka.

Ninachoomba mimi kwa kesi hizi za huku ni vitu ambavyo havihitaji hata hela nyingi. Bunge lirudishie mahakimu uwezo wa kupima adhabu, mwenye mtandao wa meno ya tembo apigwe hiyo 30, mwenye mguu wa nyumbu kwa kosa la kwanza hakimu aweze kumpa miaka miwili au faini au kazi za jamii, maana serikali yenyewe tangu 2020 iliruhusu mabucha ya nyamapori, nyama ileile sasa inauzwa kwa leseni. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ihakikishe kila jalada la nyara linakaguliwa na wakili wa serikali mambo matatu kabla halijasajiliwa: kibali, hati ya mamlaka, na mshtakiwa alikuwepo nyama ikiteketezwa. Mahakama Kuu ipitie majalada ya wafungwa wote wa nyara waliofungwa na mahakama za wilaya, sio kusubiri kila mmoja aandike rufaa yake, majaji wana mamlaka ya kuita majalada wenyewe na kuyakagua. Na iwepo sheria ya fidia kwa aliyefungwa kwenye kesi iliyofutwa kwa kosa la serikali, hata kama ni kidogo, mtu apate pa kuanzia.

Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka mikoani ikasikiliza watu, ikakabidhi ripoti Julai 2023, ikapendekeza mengi ikiwemo chombo huru cha upelelezi. Wananchi tulisema mengi mbele yake. Tungependa Waziri wa Katiba na Sheria atuambie hadharani, pendekezo kwa pendekezo, lipi limefanyika na lipi litafanyika lini, na pale ambapo wameamua kutofanya basi waseme kwa nini. Sheria ya uhujumu uchumi tuliyonayo ilitungwa 1984 kuchukua nafasi ya ile ya 1983 ya wakati wa msako wa walanguzi, watu walipokuwa wanaficha sabuni na sukari. Wakati ule wakubwa waliona ile ya mwanzo imezidi, maana haikuruhusu hata wakili, wakaibadilisha mwaka uliofuata tu. Kama 1984 iliwezekana sioni kwa nini sasa ishindikane.

Mwisho naomba Mhariri usikate hiki kipande kama nafasi itabana, kata hayo mengine. Kama una ndugu amehukumiwa mahakama ya wilaya na hakuridhika, taarifa ya nia ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu, na anaweza kuitoa akiwa gerezani kupitia ofisi ya gereza, haihitaji wakili wala hela. Sababu za rufaa ni ndani ya siku 45, na zile siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hazihesabiwi, kwa hiyo tunzeni barua yenye tarehe mliyoomba nakala. Kama muda umeshapita anaomba Mahakama Kuu imwongezee muda akieleza sababu, hata kama ni miaka imepita. Muulizeni siku ya kumtembelea, nyama ilipoteketezwa ulipelekwa mbele ya hakimu? Akisema hapana, aandike hivyohivyo kwenye sababu zake.

Wenu msomaji,
Mkoa wa Mara